Watu 12, nyumba moja Highlands, na kila mtu anataka Ben Nevis

Swali: Kaka habari. Sisi ni kundi la watu 12, Wakenya na Watanzania tunaoishi Leicester na Coventry, mdogo ana miaka 9 na mkubwa ni mama yetu wa miaka 63. Tumelipia nyumba ya wiki nzima katikati ya Septemba karibu na Roy Bridge kule Scotland, ndani ndani kabisa, tunataka kutembea milimani kila siku. Wawili walishafika Uhuru Peak, wengine hata kilima hatujapanda. Mpango ni tufike Jumamosi, Jumapili tupande Ben Nevis wote. Tutaweza bila muongozaji? Tununue nini? Na hayo maisha ya nyumba ya porini, chakula na nini, kuna mambo gani ya kujua?

Jibu: Dada salama, na mpe mama shikamoo yangu. Umefanya vizuri kuuliza mapema maana wengi wananitafuta wakiwa tayari wameshalowa.

Nianze na hiyo Jumapili kwa sababu ndio itakayowaharibia wiki. Msipande. Mtakuwa mmetoka huko alfajiri, mmekaa kwenye gari kutwa nzima, mmefika giza limeingia mnatafuta kile kiboksi cha funguo kwa tochi ya simu, mmegombania vyumba mpaka saa 6 usiku, halafu asubuhi eti mlima mrefu kuliko yote Uingereza. Na hata mngelala vizuri, hamjui Jumapili kutakuwaje. Huku siku ya mlima haipangwi Leicester, inapangwa usiku wa kuamkia siku yenyewe mkishaona utabiri. Mna wiki nzima bwana, iacheni siku ya Ben Nevis ielee, ikija siku nzuri Jumanne mnaenda Jumanne, isipokuja kabisa hamwendi na wala hamjapoteza kitu, nitakuambia kwa nini.

Sasa hao wawili wa Kili. Mimi ni mtu wa Marangu, nimeanza kule kama mgumu, nabeba mizigo ya watu kichwani, ndio nikaja kuwa muongozaji, kwa hiyo naongea nao kama ndugu. Najua wanachowaambia: tumefika 5,895, hiki kilima cha mita 1,345 ni cha kwenda kunywa chai. Waambie wapige hesabu. Usiku wa kilele ukitokea Kibo Hut kwenye mita 4,720 unapanda kama mita 1,175. Ben Nevis unaanzia bondeni Glen Nevis, karibu kabisa na usawa wa bahari, unapanda zaidi ya mita 1,300 na unazishuka zote siku hiyo hiyo na begi lako mgongoni mwako. Hewa ipo ya kutosha, kichwa hakitauma, lakini magoti hayaangalii uko mita ngapi. Na kule Kili kuna mtu alikubebea, mwingine alikupikia uji, mwingine alikaa nyuma yako kutwa anakuambia pole pole mama. Hapa hakuna geti la kuingilia mlimani, hakuna kibali, hakuna ada, hakuna mpagazi. Tangu sheria ya ardhi ya 2003 mtu yeyote ana haki ya kutembea karibu popote Scotland ili mradi awe na adabu, afunge geti alilolikuta limefungwa, asisumbue mifugo. Raha sana, ila maana yake hakuna pia mtu wa kukurudisha.

Muda nao. Kuna Mskochi aliitwa William Naismith, mwaka 1892 alitoa kanuni ambayo tunaitumia mpaka leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, halafu ongeza saa 1 kwa kila mita 600 unazopanda. Njia ya kawaida ya Ben Nevis ni kama kilomita 8 kwenda, kwa hiyo mtu mkakamavu asiyepumzika anafika juu kwa karibu masaa manne. Kundi la watu 12 lenye mtoto, lenye mtu wa kupiga picha kila kona na mtu ambaye kamba za viatu zinafunguka kila dakika kumi, weka sita. Kushuka matatu na nusu au manne, na kushuka ndiko watu wanakoumia. Mkianza saa 2 asubuhi mnarudi kwenye gari saa 12 jioni, na katikati ya Septemba jua linazama kama saa 1 na nusu. Umeona nafasi iliyobaki? Ndio maana nawawekea makundi yangu saa ya kugeuka: ikifika saa 8 mchana popote ulipo unageuka, hata kama kilele unakiona kwa macho. Mkubaliane hilo mezani usiku wa jana yake, mkila, sio juu mlimani kila mtu akiwa na hasira na njaa.

Halafu hali ya hewa. Joto linapungua digrii 6 na kitu kila ukipanda mita 1,000, kwa hiyo mkitoka nyumbani digrii 14 na fulana, juu kuna 5 au 6, na upepo ukiongezeka mwili unaiona kama sifuri. Siku nyingi kilele kiko ndani ya wingu, na pale juu njia inapita karibu na magenge ya kaskazini yanayoanguka moja kwa moja, kwenye ukungu mtu anaweza kukanyaga hewa. Upepo wa milima ya huku sio wa mchezo, kule Cairn Gorm ambako sio mbali sana walishapima maili 173 kwa saa, Machi 1986. Msiangalie ile apu ya simu inayoonyesha kajua na kawingu, hiyo inazungumzia Fort William, mji wa chini bondeni. Someni utabiri wa milima wa MWIS au wa Met Office, na kitu cha kwanza kusoma sio mvua, ni kasi ya upepo na wingu litakaa mita ngapi. Mvua utalowa tu. Upepo unakuangusha.

Sasa kwa nini nasema msipofika kilele hamjapoteza kitu. Hapo Roy Bridge mmekaa mahali pazuri mno kwa kundi lililochanganyika, na ningekuwa mimi wiki ningeianza kwa maporomoko ya Steall. Mnaegesha mwisho kabisa wa barabara ya Glen Nevis, mnaingia kwenye korongo, njia nyembamba ya mawe, mto unanguruma chini yenu mkono wa kulia, mtoto mshikeni mkono kipande hicho, halafu ghafla korongo linafunguka mnatokea kwenye uwanda wa majani na mbele yenu maji yanateremka mita 120 kwenye mwamba. Kwenda ni kama saa moja kwa mwendo wa mama. Kuna daraja la waya tatu la kuvukia mto, waya mmoja wa kukanyaga miwili ya kushika, vijana watataka kujaribu, sio lazima kuvuka, maporomoko mnayaona vizuri tu mkiwa mmekaa na chapati zenu ng'ambo ya huku. Siku hiyo kaa kimya uangalie watu. Nani anahema, nani viatu vinambana, nani anatangulia bila kugeuka nyuma. Jioni utakuwa unajua kundi lako kuliko fomu yoyote ambayo ungewajazisha.

Siku ya mvua msikae ndani mkinuniana. Nendeni Banavie kwenye mfereji wa Caledonian, pale kuna ngazi ya maji, milango minane mfululizo inayopandisha meli kama lifti, kazi ya Thomas Telford, mfereji ulifunguliwa 1822. Ukitoka pale njia ya pembeni ya mfereji ni tambarare mpaka Gairlochy, kama kilomita 10, hata mwenye goti baya anatembea, gari moja linatangulia kuwasubiri mwisho. Siku nyingine Glen Roy, bonde lililo nyuma ya nyumba yenu kabisa, mtaona mistari mitatu iliyonyooka kwenye milima pande zote mbili kama mtu kaichora na rula. Wazee wa zamani walisema ni barabara za wafalme. Darwin, yule mwanasayansi, alikuja akaandika mwaka 1839 kwamba ni fukwe za bahari, akakosea, baadae alikiri mwenyewe kwamba amekosea vibaya. Zilikuwa fukwe kweli ila za ziwa, barafu iliziba mdomo wa bonde maji yakajaa, na kila barafu iliposogea maji yakakaa usawa mwingine, mita 350, 325 na 260. Mtoto wa miaka 9 muulize yeye kwanza anafikiri ni nini kabla hujamwambia.

Na kuna ile ninayoipenda kuliko zote kwa kundi kama lenu: mnapanda treni hapo hapo Roy Bridge, nusu saa na ushee mnashuka Corrour, stesheni ambayo haina barabara ya umma ya gari, iko mita 408 katikati ya nyika tupu, upepo na kulungu tu. Mnatembea kama kilomita moja na nusu mnafika ziwa la Ossian. Wenye nguvu wanalizunguka lote, ziwa lenyewe lina urefu wa karibu kilomita 5, wengine wanatembea pembeni kidogo wanarudi. Angalizo moja tu, treni ni chache sana kwa siku, ratiba iandikeni kwenye karatasi, ya kurudi ikiwaacha hakuna bodaboda.

Umeona nilivyofanya hapo, kila siku nimewagawa makundi mawili. Hiyo ndio siri yenyewe kama unataka siri. Msijilazimishe wote 12 kwenda pamoja, kila asubuhi tengenezeni kundi refu na kundi fupi, yaani la njia ndefu na la njia fupi, na mtu aruhusiwe kuhama bila kuulizwa maswali. Hata siku ya Ben Nevis ikifika, kundi fupi lipande mpaka kile kiziwa cha njiani kwenye mita 570 hivi, wenyewe wanakiita cha nusu njia ingawa hesabu hiyo ni ya uongo, nusu ya 1,345 sio 570, wakae pale, wale chakula, warudi. Mama akifika hapo kapanda mlima, msimwambie vingine.

Kwenye mwendo wenyewe, mbele awekwe mtu wa taratibu anayejua ramani na nyuma kabisa awekwe mtu mwenye nguvu na moyo wa subira, wa nyuma hapitwi na mtu. Hesabuni watu kila geti na kila njia panda. Halafu kuna dhambi moja wanaifanya makundi yote: wenye kasi wanafika kwenye jiwe wanakaa, wanakunywa maji, wanapiga stori dakika kumi, mtu wa mwisho anatokea jasho linamtoka, wao wanasimama, haya twendeni. Yaani aliyechoka ndio hapumziki hata mara moja kutwa nzima! Saa ya mapumziko ianze yeye akishakaa.

Muongozaji: kwa Steall, mfereji, Glen Roy na Corrour hamhitaji, mkiwa na ramani ya karatasi na mtu anayeijua. Kwa Ben Nevis, kundi lenu, ndiyo, mwajirini kwa siku hiyo moja, na kabla hamjalipa muulizeni kama ana cheti cha Mountain Leader na bima, na kama anakubali kusogeza siku kutokana na hali ya hewa. Akisema siku haisogezeki tafuteni mwingine. Mkigawana watu nane tisa hiyo pesa ni ndogo kuliko viatu ambavyo mtu atanunua akavae mara moja.

Tukija kwenye viatu sasa, hapa nina kisa. Mwaka juzi nilikuwa na kundi la kina mama, mmoja kaja na buti za marehemu mumewe, ngozi nzuri, hazijavaliwa miaka tisa, zimekaa kabatini kwenye boksi lake. Tuko njia ya Steall, anakanyaga tope, anavuta mguu, buti linakuja soli inabaki. Imekaa pale kwenye tope mdomo wazi kama samaki. Gundi na mpira wa ndani huwa vinaoza vyenyewe vikikaa bila kutumika hata kama kwa nje kiatu kinang'aa. Tulichana kanga yake vipande tukafunga soli na kiatu, kule kwenye pindo lenye maandishi ndiko kulikuwa kugumu zaidi, akarudi hivyo mpaka gari akicheka na kulia kwa pamoja. Kwa hiyo kila mtu avae viatu vyake wiki mbili tatu kabla, sokoni, kazini, kanisani kama hawatamcheka. Sio lazima buti za gharama. Zishike kifundo na ziwe na meno chini.

Nguo, jinzi iacheni, ikilowa haikauki na inanyonya joto la mwili lote. Tisheti ya pamba vile vile. Ya ndani iwe sintetiki au sufu, kati sweta la flisi, juu koti la mvua la ukweli na suruali ya mvua, maana suruali watu wote wanaisahau. Kofia na glavu hata Septemba. Kina dada mliosuka, nywele zikilowa mvua ya siku nzima hazikauki leo wala kesho na kichwa kinakaa baridi, vaeni kofia ya kuogea chini ya kofia ya koti, mzungu akishangaa mwache ashangae. Tochi ya kichwani kila mtu ya kwake, filimbi, chakula cha ziada, chupa ya chai ya moto.

Wadudu. Usubi wa huku Juni mpaka Agosti unaweza kukufanya ukimbie ukiacha gari wazi, Septemba unapungua ila haujaisha, unatoka jioni tulivu isiyo na upepo, basi kaeni ndani muda huo. Kupe ndio wa kuangalia zaidi, wamejaa kwenye majani marefu na wengine wana ugonjwa wa Lyme. Kila jioni mtu ajikague nyuma ya magoti, kwapani, kwenye mapaja, kiunoni, mtoto akaguliwe kichwani pia, ukimkuta mtoe na kile kidude chake cha kutolea au kibano chembamba ukishika karibu kabisa na ngozi, usimpake mafuta wala kumchoma. Na hili liwekeni akilini: kile kipele cha duara kinachotangaza Lyme kwenye ngozi nyeusi hakionekani wekundu kama kwenye picha za vipeperushi, kinaweza kuwa kivuli tu cheusi zaidi au cha kahawia kinachotanuka. Kwa kawaida kinatokea ndani ya wiki 1 mpaka 4, mtakuwa mmesharudi Leicester mmesahau. Ukikiona au ukapata homa na maumivu ya viungo, mwambie daktari wazi kwamba uling'atwa na kupe Highlands.

Simu bondeni hazishiki mtandao nyingi. Kabla hamjatoka nyumbani kila mmoja atume neno register kwenda 999 na afuate maelezo yatakayorudi, hapo ataweza kuomba msaada kwa meseji hata pale sauti isipopita. Mtu akiumia mnapiga 999, mnaomba polisi, mnawaambia mnataka mountain rescue. Ni watu wa kujitolea, mwashi, mwalimu, muuguzi, wanaacha chakula mezani wanakuja, hamdaiwi hata senti. Filimbi ni milio sita ndani ya dakika, unanyamaza dakika, unarudia.

Nyumba nitakwenda haraka. Angalieni namba ya leseni kwenye tangazo, Scotland nyumba za kupangisha muda mfupi zinatakiwa leseni na ina idadi ya watu, kama imeandikwa 12 basi binamu wa 13 asije na godoro lake. Maji ya bomba yakiwa na rangi ya chai nyepesi mara nyingi ni udongo wa huku, ila ulizeni mwenye nyumba kama yanatoka kijitoni na kama yamechujwa. Choo mara nyingi kinaenda kwenye shimo lake uani, sio bomba la mji, kwa hiyo wipsi za mtoto, pedi na mafuta ya kukaangia visiende huko kabisa, nimeshakaa siku nzima ya jua, siku ya kilele, namsubiri fundi wa kuzibua na watu kumi wananiangalia. Buti zisianikwe kwenye jiko la kuni, ngozi inapasuka, zijazeni magazeti muweke chumba cha pembeni.

Chakula nunueni njiani. Unga wa ugali, nyama ya halali, viungo na mchele wa pilau chukueni huko kwenu au mkipita Glasgow, mgandishe mbebe kwenye kiboksi cha baridi, supamaketi ya Fort William ina vitu vya kawaida tu. Kundi fupi la siku hiyo ndilo linapika, limerudi mapema. Siku ya kwanza iwe kitu kilichopikwa tayari nyumbani cha kupasha tu, hakuna atakayekuwa na nguvu ya kusonga ugali wa watu 12.

Na usafiri, hili watu wanakwama ofisini kwa mwenye magari. Kama leseni ya gari umeipata Uingereza kuanzia 1 Januari 1997, minibasi ya kukodi ya abiria 9 mpaka 16 huruhusiwi mpaka uwe na daraja la D1 kwenye leseni. Kodini magari mawili ya watu saba, na hiyo ndio itawapa kundi refu na kundi fupi kila asubuhi bila kusubiriana. Barabara za ndani huko ni za gari moja zenye sehemu za kupishania, mtu akija mbele yako na sehemu iko upande wako wa kushoto ingia umpishe, ikiwa upande wake simama usawa wake yeye aingie, na msiegeshe pale hata kama kuna mandhari ya kupiga picha.

Mtoto wa miaka 9 kilele nisingempeleka mwaka huu. Mpelekeni Corrour.